Siti ya pikipiki ya zamani imevikwa upya, mbona bado inasumbua?

Pikipiki ninazozungumzia hapa ni zile za miaka ya 1960 hadi 1980 ambazo bado zinatembea pwani yetu: Honda 50 na ndugu zake C70 na C90, Honda CG125 iliyoingia sokoni mwaka 1976, Yamaha DT, Suzuki A100, na mara mojamoja BSA iliyofufuliwa na mjukuu wa mwenyewe. Kazi yangu Tanga ni kuvika siti, na malalamiko yanayorudi mlangoni kwangu ni yaleyale, iwe siti nimevika mimi, imevikwa na fundi mwingine au mwenye pikipiki kajivikia mwenyewe nyumbani.

Siti ina vitu vitatu: bati la chini, sponji na kava. Sponji ikiharibika utanunua nyingine, na leza ya kava, yaani ngozi ya bandia, ipo kila mji. Bati la asili la pikipiki ya mwaka 1978 hulikuti dukani, na la kuchongesha halikai kwenye fremu kama lile lililotoka kiwandani. Ndiyo maana katika kila kasoro iliyo hapa chini naanza na njia isiyoligusa bati, na pale bati linapohusika nasema wazi lini uache.

Na hata kama kava la zamani limechanika vibaya, usilitupe. Lifumue kwa wembe mshono kwa mshono, kila kipande ukiandike kwa chaki "mbele", "kushoto", "juu". Hicho ndicho kielelezo cha kukatia kava jipya. Mara nyingi utakuta chini yake kava jingine, na chini ya hilo tena jingine. Niliwahi kufungua siti ya C70 nikakuta kava tatu, na ndani yake sponji ya asili imebaki kama kiganja tu. Kwingine kote fundi wa zamani alijaza makumbi ya nazi na vipande vya gunia. Kielelezo chako ni lile kava la chini kabisa. Haya ya juu kila moja lilikatwa kufuata siti iliyokwisha kupoteza umbo.

Ukikaa unagusa bati

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi. Siti inapendeza ikiwa imeegeshwa, lakini ukienda nayo nusu saa makalio yanaungua na mgongo unauma.

Chanzo kikuu ni sponji ya godoro. Sponji laini ya kulalia haikutengenezwa kubeba uzito wa mtu kwenye eneo dogo la siti, na ndani ya wiki chache imelala. Pima hivi: kunja ngumi, ikandamize siti kwa uzito wako wote sehemu unayokalia. Ukihisi bati kwenye vifundo vya vidole, sponji haikufai.

Kinachofuata kwa wingi ni sponji nzuri iliyokatwa nyembamba mno. Mwenye pikipiki alitaka siti iwe chini miguu ifike ardhini, fundi akapunguza kwa kisu. Kupunguza si kosa, ila kinachopaswa kupungua ni sponji laini ya juu, na ile ngumu ya chini ibaki.

Chanzo cha tatu hutokea kidogo lakini ni kibaya zaidi: bati lenyewe limekunjika au limepasuka katikati, kwa hiyo sponji yote inazama nalo. Geuza siti, weka rula ndefu au ubao ulionyooka juu ya kingo za bati, na utaona kama limebonyea.

Dawa ya vyanzo viwili vya kwanza ni kupanga tabaka. Chini weka sponji ngumu, ile iliyotengenezwa kwa vipande vya rangi mbalimbali vilivyogandamizwa pamoja; madukani ipo, na ukiibonyeza kwa kidole gumba inakurudisha. Hiyo ndiyo inayobeba uzito. Juu yake weka tabaka jembamba la sponji laini, milimita 10 hadi 15, kwa ajili ya kulainisha kona na kulipa kava umbo. Ziunganishe kwa gundi ya mafundi viatu: paka pande zote mbili, subiri hadi ukigusa kwa kidole isinate, kama dakika 10 hadi 15, ndipo uzikutanishe. Ukikutanisha gundi ikiwa mbichi, sponji inainywa, na ikikauka unapata uvimbe mgumu unaouhisi kila ukikaa.

Gundi hiyo inalewesha na inashika moto haraka, kwa hiyo fanyia nje, mbali na jiko na mbali na mtu anayevuta sigara. Sponji nayo ikiwaka hutoa moshi wenye sumu kali, hivyo mabaki yake usiyachome uani.

Kama siti ni ya pikipiki ya zamani ya Kiingereza, kama BSA, na ndani umekuta povu la mpira linalomomonyoka kama mkate mkavu, usijaribu kuliokoa kwa gundi. Limekwisha. Chora umbo lake kwenye karatasi kabla halijavunjika, kisha uchonge jipya.

Kava lina makunyanzi

Mteja huleta siti akidhani leza ni mbaya. Leza mbaya ipo, lakini mara nyingi kosa liko kwenye mikono iliyovuta.

Weka viganja viwili juu ya kunyanzi na ulisukume kuelekea ukingo wa chini. Likipotea, kava halikuvutwa vya kutosha. Likibaki na chini yake ukahisi shimo, kasoro ni ya sponji, na kuvuta zaidi kutapasua mshono bure.

Kava lisilovutwa vizuri kwa kawaida lilivutwa likiwa baridi, au lilivutwa kwa mpangilio mbaya: fundi alianza kona moja akazunguka siti nzima kama anayefunga mzigo, na leza yote ya ziada ikajikusanya kona ya mwisho. Fungua pindo la chini na urudie. Safari hii anika kava juani mchana, nusu saa inatosha kwa leza nyeusi. Kama hakuna jua, tumia mashine ya kukaushia nywele, uitembeze bila kuituliza sehemu moja, umbali wa kiganja. Ukiona leza inaanza kung'aa na vile vinyweleo vyake vya juu vinalala, ondoa moto hapohapo, maana ikifika huko hairudi.

Ikiwa bado ina joto, shika pua ya siti, yaani ncha yake ya mbele, kwanza, kisha vuta nyuma. Halafu njoo katikati, kushoto na kulia kwa pamoja, ndipo uende ukielekea kona kidogokidogo. Kona zote ni za mwisho. Vibanio vya karatasi vya ofisini vinafaa sana kushikilia pindo kwa muda. Zungusha vyote kwanza, iangalie siti kwa mbali, na ukiridhika ndipo ufunge moja kwa moja. Mimi huiacha na vibanio usiku kucha. Asubuhi leza imelegea kidogo, navuta tena, na mvuto huo wa pili ndio unaoondoa vile vikunyanzi vidogo vya ubavuni ambavyo wengi huvizoea.

Siti za watu wawili zina bonde kati ya dereva na abiria, na hapo kava hupenda kusimama kama hema. Kwenye nyingi za zamani ule mkanda wa abiria unaokatiza juu ndio unaolikandamiza bondeni. Watu huutoa wakidhani ni urembo. Urudishe. Kama hauna, paka gundi nyepesi kwenye bonde tu, au kava lishonwe kwa vipande viwili vinavyokutana hapo.

Chanzo cha mwisho ni leza isiyonyumbuka. Vuta kipande kwa urefu, kisha kwa upana. Kama hakiendi upande wowote, hakitakubali mviringo wa pua ya siti hata ukivute kwa koleo.

Siti inalowesha nguo hata siku ya jua

Mzee mmoja wa Chumbageni alinijia na C90 yake siku ya tatu baada ya mvua kubwa ya masika. "Mwanangu," akasema, "jua linawaka tangu juzi, lakini nikikaa tu, suruali inalowa." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hebu tuigeuze." Nilipoikandamiza kwa goti, maji ya rangi ya chai yalichuruzika kwenye tundu la bolti, na hayakukoma upesi. Fundi aliyetangulia alikuwa ametandika kipande cha mkeka wa plastiki juu ya bati zima ili sponji isiguse kutu, na kwa kufanya hivyo akaziba matundu yote ya kutolea maji. Siti ikawa kama mtungi. Nilipoutoa mkeka, kutu ilikuwa imetoboa bati mahali pawili.

Anza na gazeti kavu. Futa siti juu, litandaze, ulikalie dakika moja, kisha soma alama. Unyevu ukifuata mstari wa mshono, maji yanaingilia kwenye matundu ya sindano, na hicho ndicho chanzo cha kawaida. Ukionekana mahali pamoja tu, tafuta tundu au mchaniko, hata mdogo wa moto wa sigara. Gazeti likibaki kavu na sponji ya chini ikawa imelowa, maji yanarushwa na gurudumu la nyuma kupitia bati, na tatizo lako ni madigadi iliyotoboka.

Mshono unaoingiza maji hutibiwa kwa ndani. Fungua upande mmoja wa kava, kunjua, na ubandike ukanda mwembamba wa leza kwa gundi juu ya mshono wote upande wa nyuma. Kupaka gundi kwa nje hakusaidii. Jua linaibandua kwa muda mfupi na inaacha madoa. Kisha, kati ya sponji na kava, weka karatasi nyepesi ya nailoni inayofunika juu na ubavuni tu. Chini iache wazi. Sponji lazima ipumue, na matundu ya bati yabaki matundu.

Sponji iliyolowa ikamue kwa taulo na uiweke kivulini penye upepo, siku mbili au tatu. Usiianike juani siku nzima, kwani jua huifanya ya njano na ya kumomonyoka.

Mshono unafumuka, au leza inachanika pembeni ya mshono

Tofautisha hayo mawili. Uzi ukikatika na leza ikiwa nzima, lawama ni ya uzi. Uzi wa pamba wa kushonea nguo unaoza kwa jasho na mvua. Tumia uzi mnene wa poliesta. Nailoni nayo ina nguvu, lakini jua linaichosha mapema kuliko poliesta, na siti zetu hulala juani.

Leza ikichanika kwa kufuata mstari wa matundu, kama stempu inavyochanwa, mishono ilikuwa karibu mno. Milimita 4 hivi kati ya tundu na tundu inatosha. Hapo hakuna kiraka kitakachodumu, kata kipande kipya. Na kama mchaniko uko juu ya kona kali ya sponji, kava jipya litachanika palepale mpaka uilainishe kona hiyo kwa msasa mkavu.

Cherehani ya nyumbani inaweza kupitisha sindano kwenye leza mbili. Zikifika nne, pamoja na ule utepe wa mviringo unaopita kwenye mshono, usiilazimishe. Itavunja sindano na kupoteza majira, yaani mpangilio wa wakati kati ya sindano na uzi wa chini. Kata vipande mwenyewe, uvitie alama, kisha umpelekee fundi viatu au fundi wa viti vya magari mwenye cherehani nzito. Kushona tu ni kazi ndogo kwake.

Kava linachomoka chini

Hapa naomba uende taratibu, kwa sababu hapa ndipo mabati mengi yanapouawa.

Bati la chuma la zamani halishiki pini za stepla. Mengi yana meno madogo yaliyochongwa kutoka kwenye bati lenyewe, ambayo hutoboa pindo la leza na kulalia juu yake. Ukiyakunja na kuyakunjua mara nyingi yanakatika. Kwa hiyo unapofungua kava yainue kidogo tu, kiasi cha leza kuchomoka, wala usiyasimamishe wima.

Likichomoka, angalia kwanza urefu wa pindo. Linatakiwa kupita ukingo na kuingia ndani sentimita 4 au 5. Likiwa fupi kuliko hapo, hakuna kitakacholishika. Kisha angalia gundi. Gundi iliyopakwa juu ya kutu imeshika kutu, na kutu haijashika bati. Sugua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke kabisa hata kama ni siku nzima, ndipo upake gundi. Kwa sisi tunaokaa na upepo wa chumvi, hatua hii ndiyo inayoamua kama bati litamfaa mtoto wako.

Kwenye Honda 50 na ndugu zake kuna jambo la pekee: tangi la mafuta liko chini ya siti, na kifuniko chake unakifikia kwa kuinua siti. Petroli ikimwagika wakati wa kujaza, na mvuke wake siku zote, hulainisha gundi ya pindo. Ukiona gundi imekuwa kama ute na inanuka mafuta, kagua mpira wa kifuniko cha tangi kabla hujabandika upya.

Meno yakiwa yamekatika, njia ninayoiamini ni pindo lenye kamba: shona pindo liwe mfereji, upitishe kamba ya nailoni kuzunguka siti nzima, uivute kwa chini na kuifunga. Haitoboi bati hata kidogo. Pale kamba isipotosha, ukanda mwembamba wa alumini na riveti chache zitamaliza kazi, lakini toboa siti ikiwa mezani na sponji imetolewa.

Pikipiki za baadaye zenye bati la plastiki zinakubali pini. Tumia zenye miguu ya milimita 6, za chuma kisichoshika kutu. Ndefu kuliko hizo zinaweza kutokeza upande wa pili na kumchoma mwenyewe.

Siti haifungi, au inachezacheza

Kwanza pitisha kidole kwenye ulimi wa mbele unaoingia kwenye fremu, na kwenye bawaba kama ni Honda 50. Mara nyingi leza imekunjwa hapo tabaka mbili tatu, na unene huo unatosha kuzuia siti isikae. Punguza kwa wembe. Halafu hesabu vile vimpira vya chini ambavyo siti hukalia. Kimoja kikipotea, siti inagonga kwa kila shimo la barabara, na bati linaanza kupasuka polepole. Kipande cha tairi kuukuu kilichochongwa kwa kimo kilekile kinafaa. Sponji iliyozidi puani, inayosukumana na tangi, ni sababu ya tatu, nayo huonekana kwa macho.

Kama ulimi haushiki, usiipande. Siti inayoteleza dereva akifunga breki inamtupa pamoja na abiria wake.

Na ukigundua kwamba ukikaa taa inazimika au fyuzi inakatika, waya umebanwa kati ya bati na fremu. Zima, toa siti, chomoa betri. Ukiona waya umechunika tu, uhamishe mahali pake na uufunge kwa utepe wa umeme. Ukiona umeyeyuka au umeungua, mwachie fundi umeme, hasa pale ambapo tangi liko sentimita chache kutoka hapo.

Inateleza, inaunguza, inatia rangi nguo

Leza inayong'aa huteleza. Chagua yenye vinyweleo. Nyeusi itaunguza juani, funika kwa kitambaa. Inayotia nguo rangi ni leza duni, ifute kwa maji ya sabuni mara mbili au tatu, na ikiendelea ibadilishe. Usiisugue kwa petroli wala tina, vyote viwili vinaikausha ikapasuka.

Pale unapotakiwa kuweka zana chini

Bati lililopasuka karibu na bawaba au ulimi wa mbele, au lenye matundu ya kutu makubwa kuliko sarafu, linamhitaji fundi wa kuchomelea anayejua chuma chembamba. Mpelekee bati tupu. Sponji itoke, gundi ikwanguliwe, na siti isiwe juu ya pikipiki. Nimewahi kumkuta kijana mwenye mashine ameshavaa miwani, anataka kugusisha bawaba ya C70 ikiwa imefungwa mahali pake, kifuniko cha tangi kikiwa chini ya mkono wake. Nilimshika bega nikamwomba anisaidie kufungua siti kwanza, na tulipoiinua, harufu ya petroli ilitufikia sote wawili.

Kabla hajaanza, mwombe alifunge bati kwenye meza ya chuma lisipinde kwa joto, na achomelee vituo vifupi akilipa nafasi ya kupoa. Likirudi, lijaribu kwenye fremu likiwa tupu, lifunge na kulifungua mara kadhaa, ndipo uanze kukata sponji.